Mvulana Aliyekatazwa Kuchora

Katika safu yetu ya maisha ya watu mashuhuri, safari hii tunakwenda Hispania. Tunamfuata mtu ambaye jina lake halitajwi sana majumbani mwetu, ingawa madaktari wa ubongo duniani kote wamesoma habari zake. Jina hilo ni Santiago Ramón y Cajal. Watoto, msiogope urefu wake. Santiago ndilo jina alilopewa alipozaliwa. Ramón ni jina la ukoo wa baba yake, Cajal ni la ukoo wa mama yake, na ile herufi y iliyo katikati ni neno la Kihispania lenye maana ya "na". Cajal hutamkwa Kahali.

Mtu huyu ndiye aliyeonyesha kwamba ubongo umejengwa kwa seli zilizotengana, kila moja na mwili wake, wala si kwa uzi mmoja usio na mwanzo wala mwisho. Aliyaona hayo kwa hadubini, akawaonyesha wengine kwa penseli na wino. Na kazi hiyo ya kuchora ndiyo hasa ambayo baba yake aliipiga marufuku nyumbani kwa miaka mingi. Kwa hiyo maisha haya yanawahusu watoto, na wazazi pia.

Baba na mwana

Santiago alizaliwa tarehe 1 Mei 1852 katika kijiji cha Petilla de Aragón, kwenye milima ya kaskazini mwa Hispania. Baba yake, Mzee Justo Ramón, alitoka katika familia ya wakulima. Akiwa kijana alijifunza kazi kwa kinyozi, kwa maana siku zile vinyozi wengi wa Ulaya walikuwa pia wapasuaji: walitoa watu damu, waling'oa meno na kufunga majeraha. Justo alijinyima, akasoma, akawa mpasuaji wa vijijini. Baadaye, akiwa tayari mtu mzima mwenye mke na watoto, akapata shahada kamili ya udaktari.

Mtu aliyepanda ngazi kwa jasho namna hiyo hapendi kumwona mwanawe akishuka. Elimu ndiyo iliyomtoa Mzee Justo kwenye umaskini, naye hakutaka mjadala: Santiago atakuwa daktari. Alimfundisha mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu angali mdogo sana, na alimfundisha Kifaransa wakiwa wamejificha ndani ya pango nje ya kijiji, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuwasumbua.

Lakini mtoto alikuwa na lake. Alipenda kuchora kuliko kitu chochote. Alichora farasi, askari, meli na watakatifu kwenye karatasi, kwenye milango na kwenye kuta za majirani. Alipokosa rangi, alikwangua rangi za kuta, au aliloweka majalada ya vijitabu vya karatasi za sigara mpaka yakatoa wekundu na buluu. Kwa Mzee Justo huo ulikuwa ugonjwa. Sanaa, kwa maoni yake, ilikuwa njia ya kufa njaa. Basi Santiago akawa anachora kwa kificho, na baba akawa anatafuta penseli na karatasi ili azitupe.

Hata hivyo Mzee Justo alitaka kuwa na hakika. Wakati huo walikuwa wamehamia mji mdogo wa Ayerbe, na fundi mmoja alikuwa amefika hapo kupaka rangi kanisa lililokuwa limeungua. Baba akamchukua mwanawe na mchoro wake wa mtakatifu mmoja, wakaenda kwa fundi huyo ili atoe hukumu. Fundi akautazama mchoro, akasema haufai na mtoto hana kipaji. Kwa Mzee Justo kesi ilikwisha siku hiyo. Mtu wa kupaka kuta alikuwa ameamua hatima ya mvulana ambaye michoro yake ingekuja kufundishia madaktari kwa zaidi ya miaka mia.

Mtundu wa Ayerbe

Santiago alipelekwa shule ya mapadri katika mji wa Jaca. Huko masomo yalikuwa kukariri Kilatini, na aliyekosea alikula fimbo. Yeye hakuwa na kumbukumbu nzuri ya maneno. Alichapwa, alifungiwa chumbani bila chakula, akazidi kuwa mkaidi.

Aliporudi Ayerbe, akiwa na umri wa miaka 11 hivi, aliunda mzinga wa vita kwa gogo la mti. Alilitoboa gogo, akalifunga kwa kamba na waya, akalijaza baruti na mawe, kisha akalielekeza kwenye lango la bustani ya jirani. Mzinga ukafanya kazi vizuri kuliko alivyotarajia: lango likavunjika vipande. Mvulana akafungwa siku kadhaa katika jela ya mji, na baba yake hakufanya haraka kumtoa.

Masomo yalipozidi kudorora, Mzee Justo aliamua kumwonjesha maisha ya asiyesoma. Alimweka kwa kinyozi, kisha kwa mshona viatu. Huenda alidhani mtoto atalia aombe kurudi darasani. Kumbe mikono ya Santiago ilikuwa mepesi. Alijifunza kukata ngozi, kushona na kupigilia visigino hadi bwana wake akamsifu. Mikono hiyo, iliyozoea kisu kikali na kazi ndogondogo, ingekuja kukata ubongo wa kifaranga vipande vyembamba.

Mifupa

Mwaka 1868, Santiago akiwa na miaka 16, baba alibuni njia nyingine. Katika makaburi ya zamani ya eneo lile palikuwa na mifupa iliyofukuliwa kitambo na kurundikwa mahali pamoja. Usiku mmoja baba na mwana waliruka ukuta wa makaburi, wakachagua mifupa, wakaibeba nyumbani na kuitandaza ghalani. Mzee Justo akaanza kumfundisha mwanawe anatomia, yaani elimu ya viungo vya mwili.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Huwezi kujua mfupa kwa kukariri jina lake tu. Lazima uutazame pande zote, uone shimo ambamo mshipa hupita na ukingo ambapo msuli hushika. Na njia bora ya kuutazama ni kuuchora. Kwa mara ya kwanza kitu alichokitaka baba na kitu alichokipenda mwana vilikaa juu ya meza moja. Santiago alichora kila mfupa, na kwa mara ya kwanza baba hakuichana karatasi.

Kijana akaingia chuo cha tiba cha Zaragoza, mji ambao baba yake naye alihamia kufundisha upasuaji wa maiti. Waliendelea kufanya kazi pamoja. Michoro ya rangi ya misuli, mishipa na viungo ikajaza jalada zima, na Mzee Justo, yule aliyetupa penseli, sasa akawa anaionyesha kwa fahari. Alitamani hata kuichapisha kama kitabu, ila wachapaji wa Zaragoza wa siku zile hawakuwa na mitambo ya kutoa rangi vizuri. Santiago alipata shahada yake ya udaktari mwaka 1873.

Kuba, homa na hadubini

Mara tu baada ya kuhitimu aliitwa jeshini. Mwaka 1874 alipelekwa Kuba kama daktari wa jeshi. Kuba ilikuwa koloni la Hispania, na Wakuba walikuwa vitani wakidai uhuru wao. Santiago aliwekwa kwenye hospitali za kambi zilizozungukwa na mabwawa na mbu. Malaria na kuhara damu vilimpiga yeye kama vilivyowapiga wagonjwa wake, akarudi nyumbani mwaka 1875 akiwa amekonda na dhaifu.

Alipokwenda Madrid kufanya mtihani wa shahada ya uzamivu, mwalimu mmoja wa huko alimwonyesha vipande vya tishu chini ya hadubini. Tishu ni kundi la seli zinazofanya kazi moja, kama vile misuli, ngozi au neva. Santiago alivutiwa mno. Chuo cha Zaragoza hakikuwa na vifaa vya kutosha, kwa hiyo alinunua hadubini yake mwenyewe, akailipa kwa mafungu, akatengeneza maabara ndogo nyumbani.

Mwaka 1878 alishikwa na kifua kikuu, akatema damu, akadhani safari yake imekwisha. Alipona taratibu. Mwaka uliofuata alimwoa Silveria Fañanás, nao walijaliwa watoto saba. Pesa zilikuwa chache. Santiago alikuwa na mapenzi mengine ya tangu ujana, nayo ni kupiga picha, na alijua kutengeneza mwenyewe vile vioo vya kupigia picha vinavyopakwa kemikali za fedha. Wapiga picha wa Zaragoza wakawa wanavinunua, na Silveria alimsaidia kuvitayarisha. Msomaji akumbuke hizo kemikali za fedha, maana zitarudi.

Alipata kazi ya uprofesa katika mji wa Valencia. Mwaka 1885 kipindupindu kiliingia huko, naye akaacha mambo mengine akachunguza ugonjwa huo. Serikali ya jimbo la Zaragoza ilimshukuru kwa kumpa zawadi ya hadubini bora ya kampuni ya Zeiss ya Ujerumani. Sasa alikuwa na jicho la kisasa. Kilichobaki ni kupata kitu cha kutazama.

Wavu au nyumba nyingi?

Hapa inafaa tueleze tatizo lenyewe lilikuwa nini.

Ukichukua kipande chembamba cha ubongo na kukiweka chini ya hadubini bila kukitia dawa, huoni kitu cha maana, kwa kuwa seli zake karibu hazina rangi. Ukizitia zote rangi, unaona kichaka kizito ambacho tawi la seli moja halitofautiki na tawi la nyingine. Wanasayansi wengi wa wakati ule waliamini kwamba nyuzi zote za neva zimeungana na kuwa wavu mmoja mkubwa, mfano wa wavu wa mvuvi: ukifuata uzi wake hufiki mwisho, unazunguka tu.

Mwaka 1873, daktari wa Italia aitwaye Camillo Golgi, akitumia jiko la hospitali alilolifanya maabara, aligundua njia mpya. Aliukausha ubongo ukawa mgumu kwa dawa yenye madini ya kromi, kisha akautia katika maji yenye naitreti ya fedha. Fedha iliganda ndani ya seli na kuzifanya nyeusi. Uzuri wake ni kwamba haikuzishika seli zote. Ilishika chache tu, nazo zikasimama nyeusi tititi juu ya uwanja wa manjano, nzima nzima, kuanzia mwili hadi ncha za matawi. Ni kama kwenye msitu mzito miti michache tu iwake taa.

Golgi mwenyewe, pamoja na kuona hivyo, alibaki akiamini wavu. Wengine waliijaribu njia yake wakaiacha, kwa kuwa mara ilifaulu, mara haikutoa kitu. Mwaka 1887, huko Madrid, daktari mmoja aitwaye Luis Simarro alimwonyesha Cajal vipande vilivyotiwa dawa hiyo. Cajal, mpiga picha aliyezoea ukaidi wa kemikali za fedha, hakuvunjika moyo kama wengine. Mwaka huohuo alihamia Barcelona, akaanza kazi.

Alifanya mabadiliko mawili makubwa. Kwanza, aliutia ubongo dawa hiyo mara mbili, na hata tatu, badala ya moja. Pili, aliacha ubongo wa wanyama wazima akatumia wa vifaranga ambao bado wako ndani ya yai, na wa wanyama wachanga. Sababu yake ni hii: kwa mnyama mzima, nyuzi nyingi za neva zimevikwa ganda la mafuta ambalo fedha haipenyi. Kwa mchanga, ganda hilo bado halijaota, na matawi bado ni mafupi. Aliona afadhali kuujua msitu ungali miche.

Mwaka 1888 majibu yalianza kumiminika. Katika sehemu ya nyuma ya ubongo wa ndege, ile inayosimamia mizani ya mwili, aliona nyuzi zilizoizunguka seli kubwa kama kikapu kinavyozunguka nazi. Aliona nyingine zikipanda juu ya matawi ya seli kama mtambuu unavyopanda mti. Zilikaribiana sana. Lakini kila uzi alioufuata ulikuwa na mwisho wake. Haukuingia ndani ya seli ya pili. Wavu haukuwapo.

Wazazi waliokulia Mji Mkongwe wa Unguja, Mombasa au Lamu wataelewa upesi. Katika miji hiyo kuna nyumba zilizounganishwa na wikio, kile chumba kinachovuka juu ya uchochoro kutoka nyumba hii hadi ya pili. Golgi na wenzake waliamini kwamba mji wote wa ubongo umeunganishwa kwa wikio, unatoka nyumba moja na kuingia nyingine bila kukanyaga nje. Cajal alionyesha kwamba hakuna wikio hata moja. Nyumba zimekaribiana, dirisha linatazama dirisha, lakini kati yake kuna uchochoro. Anayetaka kumpa jirani sahani ya vitumbua lazima anyooshe mkono dirishani.

Seli hizo baadaye zilipewa jina la nyuroni, na mwanasayansi wa Ujerumani Wilhelm Waldeyer, mwaka 1891. Ule uchochoro ukaitwa sinapsi, jina lililotolewa mwaka 1897 na Charles Sherrington wa Uingereza. Leo tunajua kwamba katika sinapsi nyingi upana wake ni kama sehemu 20 za milioni ya milimita moja, na kwamba ujumbe huuvuka kwa kemikali ambazo seli moja humwaga na nyingine hupokea. Dawa nyingi za kifafa, za sonona na za maradhi mengine ya ubongo hufanya kazi hapohapo uchochoroni.

Safari ya Berlin

Kugundua ni jambo moja, kusikilizwa ni jingine. Cajal aliandika kwa Kihispania, na wakuu wa sayansi ya wakati huo, wengi wao Wajerumani, hawakuisoma lugha hiyo. Hapakuwa na jarida la kuchapisha haraka makala zake na michoro yake, basi alianzisha jarida lake mwenyewe kwa pesa zake. Toleo la kwanza, la Mei 1888, lilichapishwa nakala 60 tu, akazituma kwa wanasayansi wa nchi za nje. Ili kupata muda aliacha hata sataranji, mchezo uliokuwa umemteka kwenye mikahawa ya Barcelona.

Majibu yalikuwa machache. Mwezi wa Oktoba 1889 akakusanya akiba yake, akafunga vioo vyake bora, akapanda treni kwenda Berlin kwenye mkutano wa wanaanatomia wa Ujerumani. Hakujua Kijerumani. Kifaransa chake kilikuwa cha kubabaisha. Alipanga hadubini zake mezani, akangoja. Wengi walimpita. Alichofanya ni kuwakaribisha mmoja mmoja waje watazame wenyewe.

Aliyeinama na kutazama kwa makini alikuwa Albert von Kölliker, mzee wa miaka 72, mmoja wa wakuu wa elimu ya tishu Ulaya. Kölliker alikuwa ameamini wavu. Alichokiona kwenye vioo vile kilimgeuza. Alimtambulisha mgeni huyo kwa wakubwa wenzake, akarudia majaribio yake, akayathibitisha mbele ya watu, na katika uzee ule akajifunza Kihispania ili asome makala za Cajal. Watoto wetu wanaolalamika kwamba Jumamosi ni siku ya kupumzika, si ya kusoma lugha, na wamkumbuke mzee huyo.

Cajal naye hakuiacha lugha yake. Kitabu chake kikubwa kuhusu muundo wa mfumo wa neva wa binadamu na wanyama wenye uti wa mgongo alikiandika kwa Kihispania kati ya 1899 na 1904. Dunia ikalazimika kukitafsiri.

Njia ya ujumbe

Katika kazi yake ndefu alionyesha mambo mengine mengi. Aliona kwamba nyuroni ina matawi mafupi mengi upande mmoja, na uzi mmoja mrefu upande mwingine. Ule unaotoka mgongoni hadi mguuni kwa mtu mzima unaweza kufikia mita moja. Alipotazama jicho na pua aligundua kwamba matawi mafupi daima yako upande ambao habari zinatoka, na uzi mrefu uko upande ambao habari zinakwenda. Akahitimisha kwamba ujumbe husafiri njia moja: huingia kwa matawi, hupita mwilini mwa seli, hutoka kwa uzi. Ndiyo maana michoro yake ina mishale midogo. Alikuwa anatazama tishu zilizokufa, lakini akachora mwendo wa kitu kilicho hai.

Katika uti wa mgongo wa kifaranga aliona pia ncha ya uzi unaokua, pana kidogo, kama mkono unaopapasa gizani kutafuta njia. Na juu ya matawi aliona vijichomozo vidogo kama miiba ya waridi. Wenzake walisema ni uchafu wa dawa. Yeye akabadilisha dawa, vikaonekana tena. Leo tunajua kwamba juu ya vijichomozo hivyo ndipo ujumbe mwingi hupokelewa.

Hakuwa sahihi kila mara, wala hakuwa malaika. Tishu ya neva haina nyuroni peke yake. Ina pia seli za glia, ambazo huzilisha nyuroni, huzivika lile ganda la mafuta na huzilinda. Cajal aliliona kundi moja la seli hizo bila kulipambanua. Mwanafunzi wake Pío del Río Hortega, kwa dawa mpya ya fedha, alionyesha kwamba ndani ya kundi hilo mna aina mbili tofauti. Mwalimu alichelewa kukubali, wakakosana, na mwaka 1920 mwanafunzi akaondoka katika maabara yake. Hata aliyewashinda wakubwa wa zamani wakati mwingine huona vigumu kushindwa na mdogo wake.

Tuzo moja, watu wawili

Mwaka 1906 Cajal alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba. Aligawana tuzo hiyo na Camillo Golgi, mtu ambaye dawa yake ndiyo iliyomfumbua macho, na ambaye bado aliamini wavu. Walikutana Stockholm kwa mara ya kwanza. Golgi alihutubia kwanza, na alitumia hotuba yake kuipinga nadharia ya nyuroni. Siku iliyofuata Cajal alisimama, akaonyesha aliyoyaona, na akampa Golgi heshima yake kwa njia aliyoigundua. Wawili hao walitazama kitu kilekile, kwa dawa ileile. Mmoja aliona alichokuwa akikitarajia, mwingine aliufuata uzi mpaka mwisho wake.

Ushahidi wa mwisho ulikuja baada ya wote wawili kufa. Katika miaka ya 1950 hadubini za elektroni, zenye nguvu kuliko zote za zamani, ziliuonyesha uchochoro wenyewe ukiwa wazi kati ya nyuroni na nyuroni.

Baada ya tuzo Cajal aliendelea kufanya kazi Madrid, alikokuwa profesa tangu 1892. Aliongoza chombo kilichowapa vijana wa Hispania nafasi ya kwenda kusoma nchi za nje, aliandika kitabu juu ya upigaji picha za rangi, na aliandika maisha yake mwenyewe, humo akiwa hakuuficha mzinga wala jela. Silveria alifariki mwaka 1930. Yeye alimfuata tarehe 17 Oktoba 1934, akiwa na miaka 82.

Michoro yake, karibu 3,000, imehifadhiwa Madrid, na mwaka 2017 UNESCO iliiingiza kumbukumbu hiyo katika orodha yake ya urithi wa maandishi ya dunia. Bado imo katika vitabu vya wanafunzi wa udaktari wa leo, karibu na picha za mashine za mamilioni, na haionekani kuwa ya zamani. Ubongo wa binadamu, tunaambiwa, una nyuroni zipatazo bilioni 86. Wa kwanza kutufundisha jinsi ya kuitambua moja miongoni mwake alikuwa mvulana wa Ayerbe.

Mzee Justo alitaka daktari, akampata. Santiago alitaka kuchora, akachora mpaka uzeeni. Haikuwa lazima mmoja ashindwe. Ilichukua miaka mingi, fimbo nyingi zisizo na faida, na usiku mmoja wa mifupa ghalani, kabla baba hajaona kwamba penseli haikuwa adui wa udaktari.

Ya kuzungumza nyumbani

1. Watoto: ni kitu gani mnachokipenda ambacho watu wazima hudhani ni kupoteza muda? Waelezeni wazazi wenu mnajifunza nini ndani yake.
2. Wazazi: mlipokuwa na umri wa watoto wenu, mlikatazwa nini? Wasimulieni, kwa Kiswahili.
3. Wote: kaeni mezani na jani la mti, tunda au mfupa wa kuku. Kila mmoja akichore kwa dakika kumi, kisha mlinganishe. Nani ameona kitu ambacho wengine hawakukiona?